Kwenda Jabal Shams na Ami

Kila inapokaribia Disemba hutufikia maswali ya aina moja kutoka kwa jamaa walioko Leicester, Toronto na Dar es Salaam: tunakuja Omani wiki mbili, soko la Mutrah tumeshaliona, tumeshachoka kupelekwa nyumba baada ya nyumba kula wali, je, hakuna pahala pa kwenda kunyoosha miguu? Papo. Lakini jibu letu ni refu, kwa sababu mwaka 2024 tulilitafuta sisi wenyewe kwa miezi mitatu, tukahesabu, tukagombana, tukahesabu tena, na yote hayo kwa ajili ya matembezi ya siku moja.

Tuseme kwanza sisi ni nani. Tulikuwa tisa wa kutembea na wawili wa kubaki kwenye magari. Wahandisi wawili tuliokwishavuka miaka hamsini, watoto wa ndugu wawili, wake zetu, mdogo wetu mmoja anayesomesha skuli Nizwa, vijana watatu, mmoja wao mpwa wetu wa miaka 19 aliyezaliwa Leicester, na Ami. Waliobaki ni Shangazi na bintiye. Ami na Shangazi ndio pekee waliosalia katika ndugu sita, baba zetu wameshatangulia mbele ya haki. Ami alizaliwa Wete, Pemba, mwaka 1951. Alikuja Omani mwaka 1974, katika wimbi lile la jamaa waliorudi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, akafanya kazi ya umeme mpaka alipostaafu. Mwaka 2023 alitiwa kijibomba cha waya katika mshipa wa moyo.

Shauri hili ni lake yeye. Sisi tulikuwa tunataka kwenda pahala popote penye hewa. Yeye alikuwa anataka kwenda kijiji kimoja tu, As Sab, kile kijiji kilichohamwa kilichoko ukingoni mwa korongo la Jabal Shams, upande wa Al Hamra. Babu yetu, kabla hajashuka pwani kutafuta jahazi la kumpeleka Unguja, alikuwa mtoto wa kuongoza punda. Alikwenda na mjomba wake mpaka kijiji hicho kubadilisha tende kwa vitunguu. Akiwa Pemba, jioni, baada ya kuanika karafuu, alikuwa akiwasimulia watoto wake habari za nyumba ambazo paa lake ni jabali na ukuta wake wa nyuma ni jabali, na mbele ya mlango ni upepo tu. Watoto wake walidhani ni hadithi kama zile za majini. Ami ameishi Omani miaka hamsini na hajawahi kufika. Kwanza ilikuwa kazi, halafu watoto, halafu nyumba ya kujenga, halafu moyo.

Sisi watu wa visiwani hatuna mlima. Masingini, pahala pa juu kabisa Unguja, hapafiki mita 150, na Pemba ni vilima vya mikarafuu ambavyo mtoto huvipanda na kushuka mara kumi kwa siku akiwa na pakacha. Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Omani, una mita elfu tatu na kidogo. Mtu akituambia kwamba damu yetu ni ya huko, sawa, lakini magoti yetu ni ya Wete na Ng'ambo. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuja na pendekezo lake la kuukwepa.

Shangazi, ambaye ameolewa Ibra na kwa hiyo kwake Sharqiyah ndiyo dunia, alitaka Wadi Bani Khalid. Hoja zake hazikuwa mbaya. Kutoka Ibra si mbali, maji yapo mwaka mzima, mitende ipo, na mtu mzima anaweza kukaa kwenye mkeka na chupa ya chai wakati watoto wanaogelea. Vijana walitaka Wadi Shab, karibu na Tiwi katika wilaya ya Sur, kwa sababu ndani kabisa mna pango ambalo huingiwa kwa kuogelea. Unavushwa kwa kiboti, unatembea kiasi cha dakika arobaini au saa moja baina ya kuta za mawe, kisha unaacha viatu na kuingia majini. Ami alicheka, akauliza nani atamvua kilemba. Mdogo wetu mwalimu alitaja ile njia ndefu inayokwea kutoka Tiwi mpaka kutokea Wadi Bani Khalid, lakini ile huwachukua watu siku mbili na kulala njiani, na alipoulizwa nani atabeba mahema alinyamaza.

Wake zetu walitaka Jabal Akhdar. Kwa kweli kama mtu anataka eneo lililohifadhiwa rasmi kwa uzuri wake, ndilo hilo, limetangazwa kuwa hifadhi ya mandhari mwaka 2011. Unapita kituo cha polisi cha Birkat al Mawz, ambapo gari isiyovuta kwa magurudumu manne hairuhusiwi kupanda, unakwea mpaka uwanda wa Saiq ulioko kiasi cha mita elfu mbili, na huko juu unaweza kutembea baina ya vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah juu ya matuta ya mawaridi na makomamanga. Ukienda Aprili unakuta wanachemsha waridi kutoa marashi. Ukienda Disemba matuta yako wazi, lakini hewa ni safi na kahawa ya hoteli ni nzuri, na tulihisi kwamba hii kahawa ndiyo iliyokuwa hoja yenyewe. Huko huko juu kuna magofu ya Wadi Bani Habib, na wazee bado wanakumbuka vita vya mlima vya 1957 mpaka 1959, ndege za Waingereza zilipokuwa zikipiga mabomu matuta yale. Ami alisikiliza yote kwa adabu. Akasema Jabal Akhdar ameshakwenda mara kumi na mbili, na babu hakuuza vitunguu Jabal Akhdar.

Basi ikabaki Jabal Shams, na hapo ndipo hesabu ilipoanza.

Wizara imezipa njia nyingi za miguu za Omani namba, W kwa safu ya milima ya Hajar ya Magharibi na E kwa ile ya Mashariki, na zimetiwa alama za rangi juu ya mawe: nyekundu, nyeupe na manjano. Kule Jabal Shams zipo mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza ni W4, inayokwenda mpaka kilele cha kusini, kwani kile cha kaskazini ni cha jeshi na hakipandwi. Hiyo ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye mapafu mazima, kupanda kiasi cha mita elfu moja kwenda juu na kushuka hizo hizo. Ya pili ni W6, ambayo wageni wanaiita matembezi ya roshani, na jina limekaa pahala pake. Inaanzia kitongoji cha Al Khitaym na kwenda kiasi cha kilomita nne kandokando ya korongo la Wadi Nakhr, juu ya bapa la jabali, mpaka As Sab. Upande mmoja una ukuta wa mawe. Upande wa pili una hewa. Chini kabisa, karibu mita elfu moja kutoka ukingo wa juu, unaona mstari mwembamba wa wadi, na ukiwa na macho mazuri unaona na mitende.

Sisi wawili tulisomea uhandisi wa ujenzi Glasgow katika miaka ya 1990, na huko Uskochi, kwa kukosa pesa za burudani nyingine, tulijifunza kutembea milimani. Mlima wetu wa kwanza ulikuwa Ben Lomond, mita 974, mvua kutoka chini mpaka juu. Waskochi wana kanuni ya zamani iliyotolewa mwaka 1892 na bwana mmoja aitwaye William Naismith: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hii ni ya mtu mzima wa afya ambaye hasimami kupiga picha. Kwa W4 ilitupa saa tatu na nusu za kupanda tu, na tulipoionyesha mezani hata vijana walikubali kwamba tuiache. Kwa W6 ilitupa chini ya saa moja kwenda. Ami akafurahi sana. Ilitubidi tumweleze kwamba Naismith hakuwa na waya moyoni, na kwamba njia ile ina mawe yaliyolegea, na watu wengi wa kawaida huchukua saa moja na nusu mpaka mbili.

Liko na jambo ambalo wengi hawalitazami wanapopanga. Mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Njia hii ya roshani iko kinyume, inashuka kidogo kidogo kwenda kijijini, na kupanda kunakuja wakati wa kurudi, jua likiwa limeshapanda na maji yamepungua. Si kupanda kukubwa. Lakini moyo unaolalamika, basi ungelalamika hapo, pahala palipo mbali zaidi na gari, ambapo simu hushika na kuacha.

Binamu yetu daktari aliyeko Leicester, ambaye ndiye baba wa mpwa wetu, alitupigia simu aliposikia. Hakupiga kelele. Alituuliza swali moja: akianguka huko, mtambeba vipi? Tulikaa kimya kwa muda, maana ni swali la kihandisi na lilikuwa halali yetu kuliuliza mbele yake. Kumbeba mtu wa kilo 80 juu ya kijia ambacho pengine kina upana wa mita mbili na pengine chini ya hapo kunataka watu sita wanaopokezana, na sisi tulikuwa na vijana watatu. Helikopta ya polisi inaweza kuja, namba ni 9999, lakini kwanza mtu afike penye mtandao. Shangazi alilisema jambo hilo hilo kwa lugha yake. Alituambia tunataka kumzika kaka yake korongoni ili tupate picha ya kupeleka kwenye simu.

Tulikaribia kuacha. Aliyetuzuia ni Ami mwenyewe, na hakutuzuia kwa maneno makubwa. Alikwenda kwa daktari wake bila kutuambia, akatembezwa juu ya mashine na nyaya kifuani, akarudi na karatasi. Daktari ameandika kwamba anaweza kutembea kwenye ardhi ya wastani, asikimbizane na vijana, asibebe mzigo, dawa ya kuweka chini ya ulimi awe nayo mfukoni na si ndani ya mkoba wa mtu mwingine. Ami akaiweka karatasi juu ya meza, akaitia gilasi ya maji juu yake isipeperuke, akauliza chakula kiko tayari au bado.

Tukaweka majaribio. La kwanza, Oktoba, tulimtembeza kandokando ya Falaj Daris hapo Nizwa, mmoja wa ile mifereji mitano ya Omani iliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Tambarare tupu, saa moja, akamaliza huku akitueleza namna maji ya falaji yalivyokuwa yakigawanywa kwa kivuli cha kijiti na kwa nyota. La pili, Novemba, tulimpeleka Misfat al Abriyyin, kile kijiji kilichosimama juu ya jabali nyuma ya Al Hamra, ambako unashuka ngazi za mawe baina ya nyumba za udongo, unafuata falaji chini ya migomba, kisha unapanda zote tena. Hapo tulimpima saa mbili kamili, tukimhesabia mapigo kila dakika ishirini kama watu wanaopima pampu mpya. Alisimama mara tano. Mara mbili katika hizo alisimama kusalimiana na watu.

Kutokana na namba hizo tukapanga. Kwa mwendo wa Ami, kwenda tukapa saa tatu, kurudi na chakula saa tatu na nusu. Jua la Disemba linatoka kiasi cha saa kumi na mbili na dakika arobaini na kuzama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Tukianza saa moja na nusu asubuhi tutarudi garini saa nane mchana, na tutabakiwa na saa tatu za mwanga kwa ajili ya lisilotazamiwa. Kisha tukaandika kanuni moja juu ya karatasi, na sote tukatia saini, Ami wa kwanza: ikifika saa nne na nusu, popote tulipo, tunageuka. Hata tukiwa tunauona mlango.

Kushika saa tukampa yule mpwa wetu wa Leicester. Sababu tulizomwambia ni kwamba ana saa nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba Kiswahili chake ni kidogo, na Ami ni mtu wa kushawishi kwa maneno. Asiyeelewa maneno hashawishiki.

Maji yalikuwa hesabu nyepesi: nusu lita kwa saa kwa kila mtu, saa sita na nusu, ongeza akiba, lita nne kwa kichwa, jumla lita 36. Za Ami tukazigawa kwa vijana. Hali ya hewa ndiyo iliyotunyima usingizi. Tarehe 14 Aprili ya mwaka huo huo, kule Samad A'Shan katika wilaya ya Al Mudhaibi, gari iliyochukua wanafunzi ilisombwa na wadi na watoto wakapoteza maisha. Si mbali na Ibra kwa Shangazi. Hakuna nyumba ya Sharqiyah ambayo haikulia. Mgeni anayetoka Ulaya haamini kwamba nchi kavu namna hii inaweza kuzamisha mtu. Mvua inanyesha juu ya mawe yasiyonyonya, mbali na ulipo, juu yako anga ni buluu, na baada ya muda maji yanakuja na mawe na mashina ya miti mbele yake. Kijia cha roshani chenyewe kiko juu sana hakiguswi na wadi, ila barabara ya kufikia inapita Ghul, mlangoni mwa korongo, na mawe huporomoka kutoka kuta za njia yenyewe mvua ikinyesha. Tukakubaliana kwamba likitangazwa wingu lolote la mvua katika Hajar siku tatu kabla, safari imevunjika na hakuna mjadala. Hii hatukuiandika. Kila mtu alikuwa ameshaitia saini Aprili.

Mengine yalikwenda haraka. Viatu vyenye soli ya kushika. Sweta, kwa sababu usiku wa Disemba huko juu baridi inaweza kukaribia sifuri. Katlesi, chapati, mayai ya kuchemsha, machungwa, tende na kahawa. Na onyo kuhusu mbuzi, ambao Jabal Shams ni majambazi wenye kujua kufungua mkoba. Sala hazikuleta tabu, ingawa kundi letu lina Maibadhi na Mashafii. Kwa Ibadhi msafiri anapunguza akishavuka farsakhi mbili, kiasi cha kilomita 12, kwa Shafii ni kilomita zisizopungua 80, na sisi tuliotoka Maskati tulikuwa tumezivuka zote mbili tukiwa bado tunabishana nani atakaa mbele.

Tulichagua Jumamosi ya tatu ya Disemba. Tulilala Nizwa, kwa mwalimu, tukasali alfajiri, tukaondoka saa kumi na moja na nusu. Anga lilikuwa safi. Huko juu, ukingoni, Shangazi alishuka kwenye gari, akatazama chini mara moja, akarudi ndani na kufunga mlango. Baadaye alitoka na kununua mazulia mawili ya sufi ya mbuzi kwa wale wanaouza njiani. Tulimwachia karatasi ya saa zetu na namba ya 9999, akaambiwa kama ikifika saa kumi hajasikia sauti apige.

Kijia chenyewe hatutakieleza sana, maana picha zake zimejaa kila pahala na zinasema kweli. Hakitishi kama picha zinavyoonyesha ukikaa upande wa ndani. Hakina uzio wowote. Mmoja wa wake zetu aligeuka baada ya nusu saa, akarudi na mwalimu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ami alitembea mbele, hatua fupi, bakora mkono wa kulia upande wa jabali, na sisi wahandisi nyuma yake tukijifanya tunatazama tabaka za mawe. Alikuwa akisimama na kugonga ukuta kwa bakora. Kila baada ya nusu saa tulisikia sauti nyuma yetu: "Ami, dawa?" Hayo na "Ami, saa" ndiyo Kiswahili alichojifunzia mpwa wetu wiki hiyo. Ami alijibu kila mara: "Bado, mama."

Katika kona moja alikaa juu ya jiwe kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anatazama chini, kwa vijana tu tulidhani anatafuta mitende, akasema: "Sasa punda akikutana na punda hapa, nani anarudi nyuma?" Sisi tukaanza kulijadili swali hilo kwa uzito wote, upana wa njia, upana wa shehena. Tulipomaliza alikuwa ameshainuka.

Saa nne na dakika ishirini tulipinda kona ya mwisho na kijiji kikaonekana. Nyumba chache za mawe zimebanwa chini ya jabali linaloning'inia, rangi moja na jabali lenyewe, hata unaziona kwanza kwa milango yake, mashimo meusi yaliyonyooka pahala ambapo hakuna kitu kingine kilichonyooka. Chini yake matuta makavu yakishuka kuelekea kwenye hewa, na kuta zake zimesimama bado. Kwa mwendo wa vijana zilikuwa dakika kumi. Wawili walikuwa wameshatangulia na tuliwaona wakitupungia mikono. Kwa mwendo wa Ami tukakadiria dakika 25, na sehemu ya mwisho ina mawe makubwa ya kukanyaga.

Tulitazamana. Tuseme kweli, hakuna hata mmoja wetu, katika wale waliokuwa wameogopa na kuhesabu tangu Septemba, aliyekuwa anataka kugeuka. Mmoja alianza kusema kwamba zile saa tatu za akiba za mwanga zinatosha, na ni kweli zilitosha. Mwingine alisema kiasi ni mapigo, si saa, tumpime mapigo. Tukampima. Yalikuwa juu, si mabaya, juu. Ilikuwa saa nne na dakika 28. Mpwa wetu alikuwa amesimama na mkono wake ameuinua kidogo, saa ikimwangalia, na macho yamemjaa maji, na hakuwa akisema lile neno lake.

Ami alimtazama yeye, si kijiji. Akasema: "Sema, mama."

"Ami, saa."

Akageuza bakora. Alisema tu, "Nimekiona," na akaanza kutembea kurudi, na sisi tukalazimika kuharakisha kumfuata kwa sababu mwenye kutangulia alikuwa yeye.

Kurudi kulikuwa kugumu kama tulivyokadiria. Alisimama mara kumi na moja. Katika kupanda kwa mwisho alitumia dawa yake mara moja, akakaa robo saa, rangi ikamrudi, na mwalimu, aliyekuwa amerudi kutupokea, alikaa naye akimsimulia habari za wanafunzi wake wavivu. Vijana waliotufikia walikuwa na picha katika simu, za vyumba, za meko, za sakafu ya kupuria nafaka. Ami hakutaka kuziona. Aliwauliza jambo moja, kama juu ya kijiji kuna maji. Walimwambia yapo, kidimbwi chini ya jabali, baridi sana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa risiti ya deni la zamani. Tulifika kwenye magari saa nane na dakika arobaini. Shangazi hakutusemesha sisi. Alimfunika kaka yake mojawapo ya yale mazulia na kumtia kahawa.

Baba wa mpwa wetu aliuliza kwa simu usiku ule kama tutarudia. Tulimwambia hapana. Lakini mwezi Januari, tulipokutana Ibra kula harisi, Ami alitoa kutoka mfukoni ile karatasi yetu yenye saini, imekunjwa mara nne. Alikuwa amefuta mstari wa saa ya kuondoka Nizwa na kuandika juu yake, kwa kalamu ya wino, saa kumi na nusu. Na pembeni: alfajiri tuisali Ghul. Mstari wa saa nne na nusu hakuugusa. Daktari atampima tena Septemba. Shangazi amesema safari hii atakuja na mkeka.